Leza, Ngozi Nyeusi na Sheria: Nani Hulipa Mtu Akiungua Akiondolewa Nywele?

Mtu mwenye ngozi nyeusi anapolala kwenye kitanda cha kliniki ya urembo Kilimani au Westlands, jijini Nairobi, ili aondolewe nywele kwa leza, usalama wake kwa sehemu kubwa huwa umeshaamuliwa kabla mwanga wa kwanza haujapigwa. Umeamuliwa na aina ya mashine iliyonunuliwa, na vipimo vilivyowekwa ndani yake, na mafunzo ya mtu anayeishika. Ikitokea akaungua, mambo hayohayo matatu ndiyo ambayo daktari, wakili na hakimu watayachunguza ili wajue kama kuna mtu wa kuwajibika. Wengi huyatenganisha mambo haya, usalama wakamwachia daktari na fidia wakamwachia wakili. Mimi naona ni jambo moja, kwa sababu swali ambalo mteja hakuuliza kabla ya huduma ndilo linalomkosesha ushahidi baada ya kuumia.

Mwanga unaotafuta rangi

Leza ya nywele hufuata kanuni ambayo Rox Anderson na John Parrish, watafiti wa Boston nchini Marekani, waliichapisha mwaka 1983: mwanga wa aina moja ukichaguliwa vizuri na kupigwa kwa muda mfupi unaofaa, unaweza kupasha joto kitu kimoja ndani ya ngozi na kukiacha salama kilicho jirani yake. Katika uondoaji wa nywele, kinachotafutwa ni melanini, yaani rangi iliyomo ndani ya unywele. Melanini huunyonya mwanga, mwanga hugeuka joto, na joto hilo husambaa hadi kwenye chembe zinazouotesha unywele. Chembe hizo zikiharibiwa vya kutosha, unywele hauoti tena, au huota ukiwa mwembamba kama malaika, zile nywele laini za mwilini. Ndiyo maana mvi haziondoki kwa leza. Ndiyo maana pia mteja huambiwa anyoe kwa wembe kabla ya kuja wala asitumie nta, kwa kuwa nta hung'oa mzizi wenyewe ambao mwanga ulikuwa uufuate.

Melanini, hata hivyo, haipo kwenye unywele peke yake. Ipo pia kwenye tabaka la juu la ngozi, na kwa mtu mweusi ipo kwa wingi. Mwanga unapoingia hukutana kwanza na rangi hiyo ya ngozi, na nishati nyingi ikinyonywa hapo juu, ngozi ndiyo itakayoungua huku mzizi wa unywele ukibaki mzima chini yake. Hatari kubwa ya leza kwa Mkenya wa kawaida inatokana na jambo hili moja, na kila tahadhari ya maana inayochukuliwa katika chumba cha leza inakusudia kulikwepa.

Tahadhari ya kwanza ni urefu wa wimbi la mwanga, ambao hupimwa kwa nanomita. Kadiri wimbi linavyokuwa refu, ndivyo melanini inavyolinyonya kidogo, na ndivyo mwanga unavyozama chini zaidi kuelekea kwenye mizizi. Leza ya rubi, iliyotumiwa na mashine za mwanzo, ina wimbi la nanomita 694. Leza ya aleksandraiti ina 755. Dayodi nyingi ziko kwenye 800 hadi 810. Na Nd:YAG ina 1064. Kwa ngozi nyeusi, Nd:YAG ndiyo ambayo madaktari wa ngozi huiona kuwa salama zaidi. Haiji bila gharama, kwani huuma zaidi na mara nyingi huhitaji vipindi vingi zaidi ili matokeo yaonekane, lakini mtu anayeogopa kuungua hana sababu ya kuilalamikia. Dayodi iliyopangwa kwa uangalifu hutumika pia kwenye ngozi ya kahawia. Aleksandraiti kwenye ngozi nyeusi tii ni kujitafutia malengelenge.

Kisha kuna mashine zinazojulikana kwa herufi IPL. Hizi si leza hata kidogo. Ni taa zenye nguvu zinazotoa mchanganyiko wa mawimbi, takriban kuanzia nanomita 500 hadi 1200, na mawimbi mafupi yaliyomo humo hunyonywa sana na rangi ya ngozi. Mteja anayetangaziwa leza akapigwa IPL hakupewa alichokilipia, na ikiwa ngozi yake ni nyeusi, aliwekwa kwenye hatari ambayo hakuambiwa. Vifaa vidogo vya nyumbani vinavyouzwa mitandaoni vingi ni vya aina hii, na watengenezaji wengi huchapisha kwenye boksi chati ya rangi za ngozi inayoonyesha kuwa kifaa hakifai kwa ngozi nyeusi zaidi. Chati hiyo isomwe kabla ya kununua.

Madaktari hupanga ngozi katika aina sita kwa kipimo alichokianzisha daktari Thomas Fitzpatrick wa Marekani mwaka 1975. Inafaa kukumbuka kwamba kipimo hicho kilianza kwa kuwaangalia watu weupe na namna wanavyoungua juani. Aina ya tano na ya sita, zinazotuhusu wengi wetu, ziliongezwa baadaye. Mashine na majedwali ya vipimo yanayokuja nayo yamerithi upungufu huo, na mhudumu aliyefundishwa kwa ngozi za Ulaya hawezi kuzinakili namba hizo hapa Nairobi kama zilivyo.

Tahadhari ya pili ni vipimo vyenyewe. Nishati hupimwa kwa jouli kwa kila sentimita mraba, na muda wa kila mpigo kwa milisekunde. Ngozi nyeusi inahitaji nishati ya chini zaidi na mpigo mrefu zaidi, ili rangi ya ngozi ipate nafasi ya kupoa wakati mzizi mnene wa unywele ukiendelea kushika joto. Inahitaji pia kupozwa kwa ncha baridi ya kifaa, kwa hewa baridi au kwa dawa ya kupuliza kabla, wakati na baada ya mpigo. Zaidi ya hayo, kabla ya kuanza eneo zima, sehemu ndogo isiyoonekana kirahisi hupigwa kwa majaribio, na mteja husubiri siku kadhaa aone ngozi imeitikia vipi. Kliniki inayotaka kuanza kinena kizima siku ileile mteja alipoingia mara ya kwanza imeshajieleza yenyewe.

Jua letu nalo lina sehemu yake. Nairobi iko karibu na Ikweta, tena juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo miale mikali hutufikia hata katika ubaridi na mawingu ya Julai. Ngozi iliyochomwa na jua imeongezewa melanini na huungua kwa urahisi zaidi. Vilevile ngozi inayopakwa krimu za kujichubua, ambazo baadhi yake huwa na steroidi, zebaki au hidrokwinoni licha ya marufuku, inaweza kuwa nyembamba na dhaifu. Mteja huona haya kulitaja jambo hili mbele ya watu, na mhudumu mzuri humuuliza faraghani. Dawa fulani za chunusi na baadhi ya antibiotiki, kwa mfano doksisaiklini, zinaweza pia kuifanya ngozi isistahimili mwanga, na historia ya makovu yanayovimba ni lazima ielezwe mapema.

Madhara yanavyoonekana

Baada ya huduma iliyokwenda vizuri, ngozi huwa na vijivimbe vidogo kuzunguka kila tundu la unywele, kama vile mtu amesisimkwa na baridi, na wekundu au joto linalotulia kwa saa chache au siku moja, mbili. Hiyo ni kawaida. Jeraha lina sura nyingine. Ngozi hupauka au hugeuka kijivu papo hapo, maumivu huendelea kuchoma baada ya mashine kuzimwa, malengelenge hutokea, na mara nyingi alama hufuata umbo la ncha ya kifaa: vimstatili au viduara vyenye ukubwa sawa, vilivyopangana mguuni kwa mistari kama mhudumu alivyokuwa akisogeza mkono. Alama hizo zikipigwa picha mapema huwa ushahidi usiojibika kwa urahisi, kwa sababu ni nadra mzio au ugonjwa wa ngozi kuchora mistatili iliyopangana hivyo.

Baada ya kidonda kupona, ngozi nyeusi huacha madoa meusi ambayo huchukua miezi mingi kufifia, au madoa meupe ambayo wakati mwingine hayarudi rangi yake tena. Wengine hupata kovu la kuvimba. Lipo pia dhara linalowashangaza wengi, nalo ni nywele kuongezeka mahali palipopigwa leza au kando yake, hasa usoni na shingoni, na hasa kwa watu wenye asili ya Mashariki ya Kati na Asia Kusini. Mwanamke ambaye ndevu zimemwota ghafla kidevuni apimwe homoni kwanza, kwa kuwa leza haitibu chanzo.

Macho ni habari nyingine kabisa. Mwanga wa nanomita 1064 hauonekani, kwa hiyo jicho halina sababu ya kufumba, na hupenya hadi kwenye retina. Kila mtu aliyemo chumbani, pamoja na mteja, lazima avae kinga ya macho iliyotengenezwa kwa wimbi la mashine ile. Miwani ya jua haitoshi. Kupiga leza kwenye nyusi, chini ya mfupa unaolizunguka jicho, kumewaletea watu uvimbe wa ndani ya jicho na mboni zilizopotoka. Asiyetaka nyusi nene azipunguze kwa uzi.

Hata krimu ya ganzi inaweza kuua. Mwaka 2007 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari baada ya wanawake wawili vijana kufariki. Walikuwa wamejipaka ganzi kali miguuni na kuifunga kwa plastiki wakijitayarisha kwa leza, na dawa ikaingia mwilini kupita kiasi. Ganzi ya eneo kubwa ipimwe na mtu anayejua dozi, na isifunikwe nyumbani.

Nasema haya bila nia ya kuitia doa huduma yenyewe. Kwa wanaume wengi weusi wenye vipele vya ndevu visivyoisha, na kwa wanawake wenye nywele nyingi za homoni, leza iliyotumika vizuri ni tiba yenye faida kubwa. Lakini hata hapo, FDA huruhusu watengenezaji kusema kuwa mashine zao hupunguza nywele kwa kudumu, si kwamba huziondoa zote. Tangazo la Nairobi linaloahidi kuwa hutaona unywele tena maishani limeahidi kisichothibitishwa.

Mkono unaoishika mashine

Uchunguzi wa kesi 174 za majeraha ya leza nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2013, ulikuta kuwa uondoaji wa nywele ndio uliozaa kesi nyingi kuliko huduma nyingine yoyote ya leza. Uchunguzi uliofuata mwaka 2014 ulionyesha kwamba wahudumu wasio madaktari, waliokadiriwa kufanya takriban theluthi moja tu ya uondoaji wa nywele, walihusika katika karibu robo tatu ya kesi zake kati ya 2004 na 2012. Hizo ni takwimu za Marekani, lakini chanzo chake ni kilekile tunachokiona hapa: mashine ya kitabibu iliyoingia katika chumba cha urembo bila elimu iliyostahili kuandamana nayo.

Leseni ya biashara ya Kaunti ya Nairobi iliyobandikwa ukutani inathibitisha kwamba mwenye duka ameilipa kaunti. Haisemi lolote kuhusu uwezo wake wa kutumia leza. Kinachofaa kuulizwa ni kama kituo kimesajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, yaani KMPDC, ambalo orodha zake za vituo na madaktari zinaweza kutazamwa mtandaoni. Kama yupo daktari anayewajibika kwa huduma hiyo. Na mhudumu mwenyewe amefundishwa wapi na kwa mashine ipi. Uliza pia jina la mashine na wimbi lake, kisha uyaandike kwenye simu. Na uliza kama kituo kina bima ya dhima ya kitaalamu, yaani bima inayolipa mteja akiumizwa kwa uzembe wa kazi. Swali hili la mwisho huonekana la ugomvi, ila lina uzito kuliko yote, kwa sababu mwenye saluni asiye na bima wala mali anaweza kushindwa kesi na bado mdai asipate hata senti.

Mtu akiungua

Weka eneo chini ya maji ya bomba yenye ubaridi wa kawaida kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, wala ute wa yai, wala barafu. Kisha nenda kwa daktari asiye na uhusiano na kituo kilichokuunguza, siku hiyohiyo ikiwezekana, na umwombe aandike anachokiona: ukubwa, kina, umbo na mahali. Ripoti hiyo ya siku ya kwanza itakuwa na nguvu kuliko maelezo yoyote yatakayotolewa mwaka mmoja baadaye.

Piga picha kila siku, kukiwa na mwanga wa kutosha na kitu cha kuonyesha ukubwa kando ya jeraha. Hifadhi jumbe za WhatsApp, hasa zile ambazo kituo kinaomba radhi au kinakushauri upake kitu fulani. Mahakama zetu hupokea ushahidi wa kielektroniki, lakini Sheria ya Ushahidi, katika kifungu cha 106B, inadai cheti kinachoeleza ulivyotolewa na kwa kifaa gani. Picha nyingi nzuri zimekataliwa kwa kukosa karatasi hiyo. Ujumbe wa M-Pesa nao usifutwe. Unaonyesha tarehe, kiasi, na jina lililosajiliwa kwenye till, yaani namba ya malipo ya biashara, ambalo mara nyingi si lile lililoandikwa mlangoni. Nairobi vyumba hukodishwa ndani ya saluni, na mashine nayo huweza kuwa ya kukodi, hivyo swali la nani ashtakiwe huwa gumu kuliko linavyoonekana. Jina la till hutoa pa kuanzia; ikiwa ni kampuni, hati ya CR12 kutoka kwa msajili wa kampuni itaonyesha wakurugenzi.

Omba kwa maandishi nakala ya rekodi yako: fomu uliyosaini, mashine iliyotumika, jouli na milisekunde za kila kipindi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kuona taarifa zako binafsi. Kituo kisichoandika vipimo kitakuwa kimekiri udhaifu mkubwa, kwa kuwa hakitaweza kuonyesha kwamba kilikuwa makini.

Sheria inasema nini

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora unaofaa, ya taarifa anazohitaji, ya kulindwa afya yake, na ya fidia kwa hasara au jeraha linalotokana na kasoro ya huduma. Kinamhusu mtoa huduma wa umma na wa binafsi pia. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza maelezo ya kupotosha, na inasema kwamba haki zake zinabaki hata kama kuna makubaliano ya kuziondoa. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mtoa huduma za afya aeleze faida na hatari, kadiri inavyowezekana kwa lugha anayoielewa mhudumiwa, kabla ya kupata idhini yake. Mwenye saluni anaweza kujitetea kwamba yeye si mtoa huduma za afya. Utetezi huo unaweza kumwondoa katika sheria hiyo moja, lakini unamwacha bado chini ya Katiba, chini ya sheria ya watumiaji, na chini ya kanuni ya kawaida ya uzembe. Tena, kwa kukana uhusiano wowote na tiba, anazua swali la kwa nini alishika kifaa cha namna hiyo.

Fomu ya idhini ndiyo inayowakatisha watu tamaa zaidi, na isivyostahili. Aliyesaini amekubali hatari za kawaida za huduma iliyofanywa kwa uangalifu. Hakukubali apigwe kwa mashine isiyofaa ngozi yake, wala kwa vipimo vya ngozi nyeupe. Kwa hiyo mdai hashindi kwa kuonyesha tu kwamba aliumia. Lazima athibitishe kwamba mhudumu alipaswa kuwa mwangalifu kwake, kwamba hakufikia kiwango cha mtu stadi wa kazi ile, na kwamba upungufu huo ndio uliosababisha jeraha. Hapa ndipo wimbi, jouli na jaribio la sehemu ndogo vinapoacha kuwa mambo ya mafundi na kuwa hoja za kesi, na daktari wa ngozi anayeweza kuyaeleza mbele ya hakimu ndiye shahidi muhimu kuliko wote.

Madai ya uzembe yana ukomo wa miaka 3 chini ya Sheria ya Ukomo, Sura ya 22, na madai ya kuvunja mkataba miaka 6. Ukiishtaki Serikali kwa uzembe, muda ni miezi 12 tu. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, yakiwemo ya majeraha ya mwili, na inatakiwa kumaliza ndani ya siku 60. Lakini kesi yenye mabishano ya wataalamu hutoshea vizuri zaidi mbele ya hakimu wa kawaida, na Hakimu Mkuu anaweza kusikiliza hadi shilingi milioni 20. Malalamiko kwa KMPDC yanafaa ikiwa daktari amehusika, ingawa kazi ya msingi ya baraza hilo ni nidhamu.

Fidia yenyewe ina mafungu mawili. Gharama zilizokwisha kutumika, kama dawa, daktari na nauli, lazima zitajwe moja moja katika madai na zithibitishwe kwa risiti. Shilingi isiyo na risiti kwa kawaida hairudi. Maumivu, kovu na kuharibika kwa sura hukadiriwa na mahakama kwa kulinganisha na kesi zilizotangulia, na gharama ya matibabu ya baadaye huhitaji maelezo ya daktari. Wakili haruhusiwi kukubaliana nawe kwamba atalipwa tu mkishinda, kwa hiyo uliza ada mapema. Asiye na uwezo anaweza kwenda kwa shirika liitwalo Kituo cha Sheria au Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria.

Malalamiko mengi huishia kwenye maelewano kabla ya hukumu, na mara nyingi si vibaya. Lakini hati ya maelewano karibu kila mara husema kwamba malipo ni kamili na ya mwisho. Kituo huwa na haraka ya kuisainisha wiki za mwanzo, wakati kidonda ni kibichi na mteja anahitaji pesa za dawa, na wakati ambapo hakuna anayeweza kusema kama rangi ya ngozi itarudi. Pokea malipo ya matibabu yakitolewa, lakini iandikwe wazi kwamba ni ya matibabu tu, na hati ya mwisho isubiri hadi daktari wa ngozi aandike kwamba kovu limetulia, jambo ambalo kwa ngozi yetu linaweza kuchukua mwaka mzima.